Mirehani ya Chumba cha Wageni

Obisurkh, 2 Novemba 1993

Kwa wifi yangu, Dada Musharraf,

Assalaam alaykum. Nimekaa ubavuni mwa mama, naye amenihimiza nitangulize salamu zake, asije akaachwa mwishoni pamoja na habari za kuku. Basi mama anakusalimu, anamsalimu shemeji Nazar, anawabusu watoto macho yote mawili, na anauliza kama lile jino bado linakusumbua. Sisi huku ni wazima. Ng'ombe amepunguza maziwa lakini hajakauka. Matunda ya forosadi tuliyoanika yametoa magunia mawili. Moja ni lako, na Qurbonali atakushushia pamoja na barua hii lori lake likifika Dushanbe.

Mdogo wako Davron aliondoka tarehe ishirini na saba kurudi Siberia kwenye visima vyao vya mafuta. Ameahidi kuandika, lakini unamjua, kalamu kwake ni nzito kuliko koleo. Kaniachia kuni za kufikisha Januari, ukizitumia kwa hesabu, na kwale wake katika tundu, nimlishe ngano na nizungumze naye asije akasahau kuimba. Nimekubali kumlisha. Kuzungumza naye tutaona.

Sasa jambo lenyewe. Ile mvua ya mawe ya Agosti haikuacha hata shuke moja la mbegu bustanini. Ile mirehani ya majani ya zambarau aliyoipanda marehemu baba, ambayo kila mwaka tunachuma mbegu zake na kuzifunga kwenye kitambaa, mwaka huu haikutupa kitu. Imebaki vyungu vitatu tu, vile mama alivyokuwa ameviweka barazani chini ya paa. Jumatano sakitu ya kwanza, ile baridi ya kugandisha, ilianguka, na chungu cha nje kikaungua upande mmoja, majani yakawa meusi.

Mama alikaa pale barazani akikitazama. Nilimwuliza kama anataka chai. Baadaye akasema, bila hasira wala machozi, "Mirehani ya baba yenu ikiisha, na mimi nimeisha. Msiniwekee unga wa mwaka kesho." Kisha akaomba chai.

Tangu siku hiyo anakula nusu ya mkate anaokula siku zote. Naogopa, dada. Mimi ni mkwe tu, wewe ndiye damu yake. Niambie nifanye nini.

Wifi yako,
Sabohat


Dushanbe, 15 Novemba 1993

Wifi Sabohat,

Waalaykum salaam. Barua imefika na gunia limefika, ingawa Qurbonali amekula njiani kiasi cha kumtosha yeye na lori lake. Jino limeng'olewa, mwambie mama nilipiga kelele kidogo tu. Nazar amepata kazi ya kulinda ghala. Watoto wanakohoa kwa zamu, mmoja akipona anampisha mwenzake. Umeme tunapewa kwa muda wa saa mbili asubuhi na mbili jioni, na foleni ya mkate naipanga gizani. Hizo ndizo habari zetu, zimekwisha.

Umeniuliza ufanye nini. Fanya nitakavyokuambia, usiongeze akili yako juu yake. Wewe umeolewa kwetu miaka sita tu, hukumkuta mama mkubwa Oysha, dada yake mama. Yule naye alikuwa na ng'ombe wake mwekundu, akawa anasema siku ng'ombe huyu akifa nami nafuata. Watu wakacheka. Ng'ombe akaporomoka bondeni mwezi wa nne, na mama mkubwa tukamzika kabla aprikoti hazijaiva, mzima wa afya, hakuumwa popote. Watu wa ukoo ule wakitamka neno kama hilo huenda nalo mpaka mwisho. Kwa hiyo vyungu hivyo visikuchezee akili ukadhani ni mimea. Ni roho ya mama yangu.

Viingize leo chumba cha wageni, chenye dirisha kubwa linalotazama kusini. Najua hakina jiko wala bomba la moshi. Weka sandali, ule moto wa makaa wa chini ya meza, lile shimo lake lipo bado chini ya zulia, tandika meza yake na mfarishi juu, vyungu uvipange pembeni viote joto. Dirisha lizibe lote kwa magazeti na gundi ya unga, usiache hata tundu la kupitisha sindano, na mlangoni utundike blanketi. Mrehani hauvumilii upepo hata dakika moja. Maji uyapashe moto kidogo kwanza. Kila kikitokea kichwa cha ua kikate kwa kucha, mmea ukishazaa unajiona umemaliza kazi.

Kuni za Davron zitunze za kupikia. Kwenye sandali tia makaa ya mawe yanayochimbwa hapo mlimani kwenu, yanashika moto mpaka asubuhi. Na nakujua, utataka kuyaacha uani yawake mpaka mwali wa buluu uishe, kama mnavyofanya huko kwenu Rarz. Usifanye hivyo. Nusu ya joto inapotea nje kuwapasha moto kunguru. Yaingize yakishashika tu.

Huna mtoto wa kunyonyesha wala wa kumpeleka shule. Mikono yako ni mitupu, ipe kazi. Mama akifika Navruz, sikukuu ya Machi, akiwa mzima, na mirehani ikiwa hai, nitakushonea gauni la atilasi kwa mkono wangu. Isipofika, Sabohat, sijui nitakutazamaje.

Musharraf


Obisurkh, 7 Desemba 1993

Dada Musharraf,

Assalaam alaykum kutoka kwetu wawili. Qurbonali anasema hii ni safari yake ya mwisho juu ya mlima wa Anzob, kesho au keshokutwa theluji itafunga njia, kwa hiyo naandika amesimama mlangoni na injini inanguruma. Mama amekula vizuri wiki hii. Ng'ombe ana mimba, tunadhani. Davron bado hajaandika.

Nimefanya yote uliyosema, na maneno yako kuhusu mikono yangu nimeyasoma pia. Dirisha nimeliziba, mpaka mwanga unaingia ukiwa wa kahawia. Mirehani imeshika. Kile chungu kilichoungua kimetoa machipukizi mawili chini, madogo mekundu, na mama alipoyaona akaniambia nimletee mto wake. Amehamia chumba hicho. Anataka kulala karibu nayo, anasema akiamka anasikia harufu ya baba.

Kuhusu makaa, nayaingiza yakishashika kama ulivyoagiza. Mama yangu mzazi alikuwa akitupiga kwa hilo tulipokuwa wadogo, alisema makaa yenye mwali wa buluu yanashika kichwa. Nimekuandikia ili ujue kwamba najua. Lakini nyumba ni yenu na neno ni lako.

Mama anaamka na kichwa kizito. Asubuhi hashiki vizuri piyola, kibakuli chake cha chai, inatikisika mkononi. Mchana akitoka barazani anapata nafuu, akirudi jioni anasema chumba kitamu. Majirani walikuja wakasema ni harufu ya mirehani, maua na majani ya harufu kali yakifungiwa na mtu aliyelala humnywea nguvu. Sijui. Qurbonali anapiga honi.

Sabohat


Dushanbe, 19 Desemba 1993

Wifi Sabohat,

Waalaykum salaam. Barua yako ilivuka siku moja kabla njia haijafungwa. Hii itapanda ndege ndogo ya Panjakent, kisha itatafuta mtu wa kuipandisha bondeni kwenu, hesabu wiki tatu. Sisi tupo. Nazar amevunjika kidole cha mguu kwa kuangushiwa sanduku na anajifanya shujaa wa vita. Mdogo wangu wa Siberia ameniandikia mimi badala ya mkewe, mistari minne, miwili kuhusu baridi. Anakusalimu. Anauliza kwale anaimba?

Machipukizi mawili yamenitoa machozi, sitakuficha. Nilimsomea Nazar.

Hayo mengine hayakunipendeza. Harufu ya mirehani kweli inachosha kichwa cha mzee, bibi yangu naye hakuruhusu maua ya asumini chumba cha kulala. Basi mtoe mama, mrudishe chumba kikubwa penye jiko la chuma. Lakini hapo usinielewe vibaya. Moto wa sandali hauwezi kuachwa peke yake, ukilala nao mbali utazimika alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya baridi kuu. Mtu lazima alale na ile mirehani. Mama akitoka, wewe ingia. Una miaka ishirini na sita, harufu haitakuua.

Na habari za mwali wa buluu tuziache. Hizo ni desturi za watu waliokuwa na kuni za kuchezea. Nikisoma barua yako naona mtu anayetafuta njia ya kupumzika, akishindwa aseme nilikuambia. Nisamehe kama nakosea. Niko mbali, na mtu aliye mbali anawaza mabaya tu.

Musharraf


Obisurkh, 14 Januari 1994

Dada Musharraf,

Assalaam alaykum. Barua yako iliingia jana, imeletwa na mke wa mchungaji ndani ya buti lake, ina harufu ya kondoo lakini inasomeka. Mpe shemeji pole ya kidole. Theluji hapa imefika kwenye kitasa cha mlango, nimechimba njia mbili tu, moja ya kwenda kwa ng'ombe na moja ya kwenda kisimani.

Mama nilimtoa chumba kile hata kabla barua haijafika, siku ya mwaka mpya. Alianguka akielekea mlangoni, si vibaya, kwenye magodoro. Tangu alale chumba kikubwa haumwi kichwa wala hatetemeki, juzi amenigombeza kwa kukata viazi vinene, nikafurahi. Kila asubuhi anaingia mara moja kuihesabu mirehani, kisha anatoka. Majani sasa ni arobaini na moja kwenye chungu kile cha kuungua.

Kwa hiyo ninayelala na moto ni mimi.

Kwale wa Davron amekufa, dada. Nilimhamishia chumba hicho kwa ajili ya joto, usiku mmoja tu, asubuhi nikamkuta amelala chali tunduni, na ngano yake haijaguswa. Usimwandikie. Nitamwambia mwenyewe akirudi. Wanawake wamesema ni kijicho kimeingia nyumba hii, kwa sababu mirehani ya kijiji kizima imekufa isipokuwa yetu. Sasa kila jioni nafukiza hazorispand humo ndani, mbegu za kufukuza kijicho, konzi moja juu ya makaa, mpaka macho yananiwasha, kisha nafunga mlango na blanketi.

Kuna jambo jingine, naliandika nusu nusu kwa kuwa si jema kulitamka mapema, na wewe ni mwanamke utanielewa. Asubuhi nikiamka natapika. Kichwa kinazunguka, magoti hayanishiki, siwezi kutazama chai ya maziwa. Nikienda kwa ng'ombe, nikimaliza kukamua, inakuwa imepita, na mchana ni mzima kabisa. Imeanza wiki mbili zilizopita. Davron aliondoka mwisho wa Oktoba. Siku zangu zimekuja kidogo sana mwezi huu, tone tu. Mama amenitazama usoni akasema nina rangi nzuri, mashavu yangu yamekuwa mekundu.

Miaka sita, dada. Siandiki zaidi ya hapo.

Sabohat


Dushanbe, 1 Februari 1994

Sabohat, mdogo wangu,

Sitaki hata kusalimu. Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye foleni ya mkate, nikacheka peke yangu, mwanamke wa mbele akageuka kunitazama akidhani nina wazimu. Nikamwambia wifi yangu ana mimba. Ndiyo, nimelitamka, tena foleni nzima imesikia. Wewe endelea kuliandika nusu nusu, mimi ni shangazi na nina haki zangu.

Kutapika asubuhi, kupona mchana, chai ya maziwa kukukinaisha: mimi wa kwanza ilikuwa hivyo hivyo, na lile tone la damu nililiona pia, wakunga wanalijua. Mwache kwale apumzike. Wazee husema nyumba inayopokea roho mpya huweza kupoteza ndege au kuku. Tulie, kijicho kimechukua kilichokuja kuchukua.

Sasa nisikilize, na safari hii nasema kwa upole. Maneno yale kuhusu mikono yako mitupu yafute. Nimekuwa nikikuonea tangu siku ya arusi yako, sijui kwa nini, labda kwa sababu ulikuja ukampata mama, nami nikamkosa. Ulimtoa mama chumba kile kabla hujaambiwa, ukaingia mwenyewe. Mtu anayetafuta kupumzika hafanyi hivyo. Niliposoma hapo niliona aibu.

Usibebe maji. Mwite binti wa jirani akukamulie. Ramadhani inaingia wiki ijayo. Usifunge, mwenye mimba ana ruhusa, na mama asikuamshe daku, akuache ulale. Kaa na joto. Chumba chenye joto kuliko vyote kwenu ni kile, basi kaa humo, jilaze mchana pia, mirehani itakufurahisha.

Na nimefanya jambo moja utakalonigombeza. Nimemwandikia Davron. Hakika ulitaka kumwambia mwenyewe, lakini mistari yake minne kuhusu baridi ilinihuzunisha, nikasema mtu huyu anahitaji kitu cha kumpasha joto. Barua imeondoka jana.

Gauni la atilasi nimeanza kulikata. Nimeacha nafasi tumboni.

Dada yako,
Musharraf


Dushanbe, 10 Februari 1994

Sabohat,

Natuma barua hii nakala tatu, kwa rubani, kwa mwalimu anayekwenda Panjakent, na kwa posta. Yoyote ikikufikia, isome hapo hapo ukiwa umesimama, kisha fanya.

Fungua dirisha la chumba kile. Bandua magazeti yote, vunja kioo kama hakifunguki. Toa makaa nje. Usilale humo tena hata mara moja, wala mchana, wala mama asiingie kuhesabu majani. Mirehani iache ife.

Nitakueleza. Jirani yetu Tahmina ni muuguzi. Jana alikuja kuazima sindano akiwa hajalala, anasema wameletewa familia ya watu watano kutoka mtaa wa juu, waliofunga madirisha wakalala na beseni la makaa kwa kuwa hakuna umeme. Mmoja tu amepona. Nikamwuliza, wengine hawakusikia moshi? Akasema hewa hiyo ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu. Akasema waliopona huko nyuma wote walisimulia vilevile: kichwa asubuhi, kutapika, magoti kulegea, wakitoka nje wanapona, wakirudi inarudi. Na mashavu mekundu.

Nikaenda jikoni nikatoa barua zako zote nikazipanga juu ya meza. Desemba, mama na piyola yake. Januari, kuanguka kwake, na tangu atoke humo, amepona. Kwale, usiku mmoja. Kisha wewe. Kila kitu umekiandika, Sabohat, umekiandika wazi, hata la mama yako na mwali wa buluu, na kila mara nimekujibu kwa kejeli. Mimi ndiye niliyekuambia uyaingize mabichi. Mimi ndiye niliyekuambia uzibe. Na wiki iliyopita nikiwa nacheka kwenye foleni nikakuambia ukae humo mchana na usiku.

Labda una mimba kweli. Namwomba Mungu iwe kweli. Lakini toka humo.

Kuhusu mama na neno lake, nimewaza usiku kucha. Kama atakufa kwa ajili ya vyungu vitatu, itakuwa ni amri ya Mungu, na nitalia kama watu wanavyolia. Hilo naliweza. Hili jingine siliwezi.

Niandikie neno moja tu. Mtu yeyote akishuka bondeni mpe karatasi, hata tupu, uandike jina lako tu, nijue ni mkono wako.

Musharraf


Obisurkh, 1 Machi 1994

Kwa binti yangu Musharraf,

Mimi mama yako nasema, na Mwalimu Ismat anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipambe.

Mimi ni mzima. Ng'ombe ni mzima. Barua yako ya tarehe kumi imefika nakala moja, tarehe ishirini na nne. Sabohat tulikuwa tumeshamzika siku nne kabla.

Ile ya kwanza, ya furaha, ilifika tarehe kumi na sita. Alinisomea mwenyewe. Ulipomwita mdogo wako alirudia mstari huo mara mbili, akidhani sioni kwamba anaurudia. Tukacheka kuhusu gauni. Akasema, mama, nimeruhusiwa kulala mchana, na siku tatu hizo alilala mchana kweli, hajawahi kufanya hivyo tangu aje nyumba hii. Aliamka amechoka kuliko alivyolala. Nikamwambia ndivyo ilivyo mwanzoni.

Ilikuwa siku ya nane ya mfungo. Niliamka daku, nikala peke yangu, nikapita mbele ya mlango wake kimya ili nisimsumbue, kwa kuwa ulikataza asiamshwe. Nilijua kwa ng'ombe. Jua lilikuwa limeshapanda, naye analia zizini, hajakamuliwa. Nilivuta blanketi la mlangoni. Alikuwa amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, na shavu lake jekundu kama la mtu aliyetoka kuoka mkate. Nilimwita kwa jina mara nyingi. Makaa yalikuwa bado yanawaka.

Wanawake waliomwosha wameniambia hakuwa na mimba. Nimewaomba wasiliseme kijijini, na nakuomba wewe vilevile.

Mama yake alikuja kutoka Rarz kwa miguu, theluji kiunoni. Hakunilaumu. Aliuliza swali moja tu, kama makaa yaliwakia uani kwanza.

Sasa nisikilize, maana nimesomewa barua zako zote, Ismat amenisomea kuanzia ya kwanza. Lile neno nililisema, kweli. Nimekuwa nikilisema kila vuli tangu baba yenu afariki. Mwaka mmoja nililisema kuhusu mrehani, mwaka mmoja kuhusu mti wa aprikoti, mwaka mmoja kuhusu mbwa. Davron hunicheka. Nalisema kwa sababu watu wakisikia hivyo huja wakakaa nami kidogo, na Davron alikuwa ameondoka siku ileile. Yule mtoto aliniamini. Na wewe ukaniamini, na dada yangu Oysha, Mungu amrehemu, alikufa kwa maji ya mapafu, si kwa ng'ombe. Mlikuwa wadogo hamkuambiwa. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza.

Siku ya tatu baada ya mazishi niliitoa mirehani mwenyewe, chungu kimoja kimoja, nikaiweka juu ya theluji. Kabla ya adhuhuri yote ilikuwa myeusi. Nilikaa barazani kuitazama mpaka jua likageuka. Nilikuwa na njaa. Nilifungua swaumu jioni kwa mkate mzima.

Dirisha nimelifungua, na chumba kile sasa kina baridi ya nje. Sitakuja Dushanbe, usilete habari hiyo. Wala sikulaani. Wewe ni binti yangu na mimi ni mama yako, na kati yetu yupo yule tuliyemfungia.

Lipo jambo moja lililobaki. Juzi imefika telegramu kutoka Siberia, imeandikwa jina la Sabohat. Nilimwambia Ismat aisome. Imesema: Nakuja Navruz. Usinyanyue kitu kizito. Kwale awe karibu nawe akuimbie.

Ismat yuko tayari kumwandikia, lakini nimemkataza. Wewe ndiye uliyempa mdogo wako habari ile ya kwanza, Musharraf. Mpe na hii.

Mama yako,
Hojar